Watoto wamekuwa matineja: sherehe za vuli tuzishike, tuwaachie waziendeshe, tuwafungulie mlango marafiki au tupunguze?

Kila mwaka ikifika mwisho wa Septemba swali hili linarudi kwenye familia zetu zilizoko Marekani, hasa zile zilizofika huku watoto wakiwa wadogo au zilizozalia hukuhuku. Mlijijengea utaratibu wenu kidogo kidogo: Oktoba mnaenda shambani kuchuma matufaha, mnarudi na boga kubwa, tarehe 31, siku ya Halloween, watoto wanavaa mavazi yao ya kuigiza wanagonga milango ya majirani kuomba pipi, halafu Novemba inakuja Thanksgiving, sikukuu ya kushukuru ya Alhamisi ya nne, bata mzinga katikati ya meza, pilau pembeni yake, chapati za shangazi, kachumbari, na watu wanaondoka usiku wamebeba vyombo vya chakula. Mnaenda hivyo miaka, halafu mtoto anafika 13 au 14 na ghafla shambani haendi, picha hataki, mezani kakaa na simu, ukimuuliza anakujibu neno moja tu, sitaki.

Mimi naamini kabisa kwamba mara nyingi hiyo sitaki haihusu sherehe yenyewe. Kijana anakataa ile nafasi aliyopewa akiwa na miaka 6, ya kuvalishwa, kubebwa kwenye gari na kuambiwa cheka tupige picha. Sherehe imebaki pale pale na yeye amekua. Sasa mzazi afanye nini? Nimeona familia zikienda njia nne, na zote zina watu zimewafaa, kwa hiyo naziweka hapa moja moja uone ipi inaingia nyumbani kwako.

Kwanza, tunapima kwa vitu gani

Cha kwanza ni ratiba ya kijana, na hapa wazazi wengi hatujui kinachobadilika. Sheria ya shirikisho inambana mtoto wa miaka 14 na 15 asifanye kazi zaidi ya saa 3 siku ya shule wala zaidi ya saa 18 kwa wiki shule zikiwa zimefunguliwa, na jioni anaishia saa 1. Akitimiza 16 hicho kizuizi cha saa cha shirikisho kinaondoka, labda jimbo lako liwe na cha kwake. Yaani kuanzia 16 unagombania muda wake na bosi, na kocha wa timu, na bendi ya shule. Maduka makubwa kama Walmart na Target yamekuwa yakifunga siku ya Thanksgiving tangu 2020, hiyo imetusaidia, lakini Ijumaa inayofuata ndo balaa la mauzo, vijana wanapangiwa shifti za alfajiri na jana yake usiku wanataka kulala mapema.

Cha pili ni pesa na nguvu: nani ananunua, nani anapika, nani anaosha vyombo. Cha tatu ni wadogo zake na wazee, manake sherehe si ya kijana peke yake, kuna mdogo wa miaka 7 bado anaota mavazi ya Halloween na kuna bibi aliyekuja kutembea. Cha nne ni nini kitabaki akishaenda chuo. Hicho cha nne mimi nakipa uzito kuliko vyote lakini wewe unaweza kupanga tofauti.

(Halloween najua kuna nyumba zetu nyingi haziisherehekei kwa sababu ya dini, Waislamu na Wakristo pia. Hapo weka chochote mnachofanya nyinyi msimu huo, haya mambo yanabaki yaleyale.)

Njia ya kwanza: kuzishika kama zilivyokuwa

Hapa mzazi anasema sherehe ni ya familia, wote tunaenda, tarehe ni ile ile na chakula ni kile kile. Watu wanaidharau hii njia kwamba ni ya ukali, mimi siidharau hata kidogo. Kijana wa miaka 14 ana mambo mengi yanayomyumbisha kwa wakati mmoja, mwili, marafiki, shule, na kitu kimoja kisichobadilika nyumbani kinamtuliza hata kama anakilalamikia kwa sauti. Na nimeona vijana waliokuwa wananuna wakiwa na 14, wakifika 19 wao ndo wa kwanza kupiga simu kuuliza, mwaka huu tunaenda shambani lini.

Kwenye ratiba, njia hii inabebwa na kalenda ya shule. Sisi wa Minnesota tuna yale mapumziko ya MEA, ya mkutano wa walimu, Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya tatu ya Oktoba, shule nyingi za umma zinafungwa, kwa hiyo huna haja ya kubishana na mtu kuhusu tarehe. Ila piga simu shambani kwanza uulize aina gani bado iko mtini, manake Honeycrisp, ile iliyotengenezwa hapahapa Chuo Kikuu cha Minnesota ikatoka 1991, inaiva mapema na ikifika katikati ya Oktoba mara nyingi imeshaisha, na usifikiri kijana atafurahia kuendeshwa saa nzima kwenda kuangalia miti mitupu. Jambo lingine ni usingizi. Saa ya mwili wa tineja inasogea mbele kweli, uvivu hauhusiki hapo, na anahitaji kulala saa 8 mpaka 10. Ukimwamsha Jumamosi saa 12 asubuhi kwa ajili ya matufaha umeshaanzisha ugomvi kabla hamjatoka getini. Nendeni saa 8 mchana, shamba haliondoki.

Pesa na nguvu ni zile zile mlizozoea, hakuna mshangao, ila nguvu zote zinabaki kwa mama au baba kama zamani. Wadogo wanafurahi sana, wazee nao, bibi aliyesafiri kutoka Musoma au Kisii kuja kuona wajukuu anataka kuona wote wako mezani na wamempa shikamoo. Kwa kinachobaki, anabaki na kumbukumbu imara lakini hajajifunza kuifanya mwenyewe.

Na kuna mahali hii njia inagonga ukuta hata bila kijana kukataa. Miji mingine ina sheria za umri wa kugonga milango Halloween. Chesapeake kule Virginia walikuwa na sheria iliyosema mwisho ni miaka 12 na ilikuwa na tishio la jela ndani yake, mpaka 2019 ndo wakaipandisha kufika 14 na kuitoa jela. Kwa hiyo mtoto mrefu wa miaka 15 mlangoni kwa mtu na mfuko wa pipi, kuna sehemu hapokelewi vizuri, na ukiongeza kwamba ni mtoto mweusi kwenye mtaa usiomjua, mzazi una haki ya kufikiria mara mbili.

Inawafaa wenye watoto wadogo bado wanaofuata nyuma, wenye mgeni mzee mwaka huo, na wale ambao kijana wao analalamika mdomoni lakini akifika anakuwa wa kwanza kupanda mti.

Njia ya pili: kumkabidhi kijana sherehe aiendeshe

Hapa nitakaa kidogo manake ndo yenye mambo mengi. Simaanishi "njoo usaidie kukata vitunguu." Unamwambia: Thanksgiving ya mwaka huu ni yako, pesa ni kiasi hiki, wageni ni hawa, unataka tule nini na saa ngapi. Halafu unakaa pembeni kwelikweli.

Akiamua bata mzinga, afundishwe vitu viwili ambavyo havina mjadala. Kwanza kuyeyusha: akiwa wa friza anahitaji siku nzima ndani ya friji kwa kila kilo 2 hivi, maana yake ndege wa kilo 7 aingie kwenye friji Jumapili ili Alhamisi awe tayari, wala asiachwe kwenye kaunta kutwa nzima. Pili joto: anunue kipimajoto cha nyama, achome kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, isome 74 za Selsiasi, ambazo ni 165 kwa kipimo cha hapa. Kijana ambaye hesabu za darasani zinamchosha utashangaa anavyosimamia hicho kipimajoto. Na akiamua hataki bata mzinga, anataka kuku wa kupaka na maboga ya nazi, muache, chakula ni chakula. Kwa maboga, asipike lile kubwa la kuchonga, lina maji mengi na ladha hafifu, achukue yale madogo matamu ya pai. Na lililochongwa likakaa nje siku kadhaa halirudi jikoni tena.

Pilau la mama ndo mtihani. Sisi tunapika kwa kukadiria, bizari kiasi, maji mpaka yazidi mchele kidogo, mtoto anashika daftari anauliza kiasi ni ngapi. Chukueni mizani ya jikoni mpike pamoja wiki mbili kabla, kila ukitaka kumwaga kitu yeye anapima anaandika. Hiyo karatasi ataenda nayo chuo.

Kuna jambo jingine zito kidogo. Shuleni wanafundishwa siku hizi kwamba ile hadithi ya karamu ya mavuno ya 1621 pale Plymouth, walowezi Waingereza wakila na wenyeji, inayosemwa ndo chanzo cha sikukuu hii, ina upande wa pili, Wawampanoag, wenyeji waliokuwa na ardhi yao, na kwamba tangu 1970 kuna wenyeji wa asili wanaokutana hapohapo Plymouth siku ya Thanksgiving kuomboleza. Kijana anarudi na hayo na anauliza, sasa sisi tunashukuru nini hasa? Wazazi wengi wanamnyamazisha, wanaona ni utovu wa adabu. Mimi nasema kama sherehe umempa, mpe na dakika zake kabla ya kula aseme alichojifunza. Mezani kunaweza kuwa na babu aliyezaliwa kabla ya Uhuru, anayejua ardhi kuchukuliwa ni nini, na hayo mazungumzo kati ya huyo babu na mjukuu wake hutayapata siku nyingine kirahisi.

Ratiba: hii inahitaji wiki nzima ya maandalizi, kama ana mitihani au msimu wa timu umepamba moto, subiri mwaka mwingine. Pesa zinaweza kupanda au kushuka kutegemea kijana, weka kikomo mapema. Nguvu za mzazi hazipungui mwaka wa kwanza, zinahama tu, unachoka kwa kujizuia usiingilie. Mashangazi waombwe kabla, kwa upole, wasikosoe chumvi mbele ya watu. Mdogo wake anafaidika, na kwa Halloween hii ndo njia ya heshima ya kijana kuendelea kutoka, anakuwa kiongozi wa msafara, anawapitisha wadogo nyumba kwa nyumba, pipi anapata pia na hakuna atakayemuuliza umri.

Ila jamani angalieni nani mnamkabidhi nini. Kwenye nyumba nyingi za kwetu binti alishaingia jikoni akiwa na miaka 10. Ukimwambia sasa sherehe ni yako pika wewe, umemwongezea mzigo uleule. Huyo mpe bajeti, mpe orodha ya wageni, mpe uamuzi wa mwisho, jikoni aingie kaka yake.

Inamfaa kijana wa 15 kwenda juu anayependa kushika kitu mwenyewe, na mzazi anayeweza kula saa 2 usiku badala ya saa 9 mchana bila kununa. Kijana aliye kwenye kipindi kigumu, mwenye huzuni au aliyeelemewa, usimbebeshe.

Njia ya tatu: kuwafungulia mlango marafiki zake

Tineja anataka kuwa walipo marafiki, basi walete nyumbani. Mnachonga maboga uani, mnawasha moto, au Alhamisi wanakuja kuangalia futiboli ya Kimarekani, Detroit Lions walianza kucheza siku hiyo 1934 na Dallas Cowboys 1966, kwa hiyo vijana wengi kwao mechi ni sehemu ya sikukuu kama bata mzinga. Wengine watakuwa watoto wa jamii nyingine kabisa, Wasomali, Wahmong, Walatino, Wamarekani weusi, na mwingine nyumbani kwao hakuna kinachopikwa siku hiyo manake mama yuko shifti.

Ratiba ni rahisi kuliko zote, kijana mwenyewe ataipanga na atahakikisha yupo. Pesa ndo zinaenda juu, vijana wanane wenye miaka 16 wanakula kweli, lakini huku ni kawaida kila mtu kuja na sahani ya chakula, omba bila aibu. Uliza mapema nani anakula halali, nani hali nyama, nani karanga zinamdhuru, na kama kuna nguruwe basi sufuria na kijiko chake vikae mbali kabisa. Nguvu: nyumba inachafuka, mkubaliane kabla nani anasafisha, na jibu lisiwe mama.

Wazee ndo wanaopata tabu hapa. Kiswahili kinapotea mezani ndani ya dakika tano, bibi anabaki anatabasamu tu hajui kinachochekwa, amekuwa mgeni kwenye meza ya mwanawe. Dawa niliyoona inafanya kazi ni kugawa siku: saa 8 mchana chakula cha familia, Kiswahili, sala, shikamoo zote, halafu kuanzia saa 12 jioni marafiki wanaingia kwa pai na mechi. Na kijana ndo anamtambulisha bibi kwa kila rafiki mlangoni, hilo asilikwepe.

Usalama pia. Marafiki wa 16 wanakuja wakiendesha wenyewe. Minnesota, miezi 6 ya kwanza ya leseni ya kijana, haruhusiwi kuendesha kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri isipokuwa kwa sababu chache kama kazi, na abiria wa chini ya miaka 20 ni mmoja tu nje ya familia yake. Kila jimbo lina lake, soma la kwako, na ongea na wazazi wenzako badala ya kuwategemea watoto wafikishe ujumbe.

Kinachobaki ni kwamba nyumba yako inajulikana. Unawajua marafiki zake kwa sura na majina, na wao wanakuita mama fulani, na hicho kwa mzazi wa tineja ni kikubwa sana. Inamfaa kijana anayependa watu, na familia ndogo isiyo na ndugu karibu. Mpole asiyependa makelele itamchosha, huyo mwambie alete rafiki mmoja.

Njia ya nne: kupunguza, mbaki na kitu kimoja

Mnaacha shamba, mnaacha mapambo, mnaacha safari, mnachagua kitu kimoja kisichoguswa. Na siku yenyewe inaweza kuhama. Watu wanadhani Alhamisi ya nne ya Novemba ilishuka kutoka mbinguni, kumbe Rais Franklin Roosevelt mwaka 1939 aliirudisha nyuma wiki moja, majimbo yakagawanyika, mengine yakafuata mengine yakakataa, mpaka Bunge lilipoamua 1941 kwamba ni Alhamisi ya nne basi. Na binamu zenu walioko Toronto wanakula ya kwao Jumatatu ya pili ya Oktoba. Sasa wewe muuguzi unayefanya kazi sikukuu kwa sababu malipo ni mazuri, ukipika Jumamosi umekosea nini?

Kujua mbaki na kipi, muulize kila mtoto peke yake, si mezani: tukiacha vyote ungeumia kukosa kipi? Majibu mara nyingi si bata mzinga. Inaweza kuwa ule usiku wa Jumatano mnasukuma chapati wote jikoni mnaongea mpaka usiku.

Ratiba na pesa, hakuna inayoishinda. Wadogo wanaonewa kidogo, wao hawajapata miaka ya shamba kama kaka zao, na wazee wanaweza kuona mnajitenga. Hatari kubwa ni kwamba kilichoachwa miaka miwili mitatu ni kigumu kurudi. Lakini hicho kimoja kilichobaki kinaweza kudumu miaka mingi kwa sababu hakimchoshi mtu. Inamfaa mzazi anayelea peke yake, wenye shifti za usiku, mwaka wa msiba au wa kuhama, na kijana anayekaa nyumba mbili.

Sasa kwa hali yako

Kama kijana ana 13 au 14 na nyuma yake kuna wadogo, mimi ningeanza na ya kwanza, nikibadilisha saa tu na kumpa uongozi wa wadogo siku ya Halloween. Kama ana 16 na ana kazi, ya pili au ya nne, angalia moyo wake uko wapi. Kama anakaa chumbani tu na hamjui marafiki zake, ya tatu, anza na boga la kuchonga mwezi wa kumi kabla ya kuwaita kwenye chakula kikubwa. Bibi akija kutembea, rudini kwenye ya kwanza mwaka huo hata kama mlishahama, na mwambieni kijana wazi kwamba ni kwa ajili ya bibi, wengi wanaelewa.

Kama watoto wanatofautiana, mmoja anataka shamba mwingine hataki, hakuna sheria kwamba nyumba yote iende njia moja. Oktoba iwe ya mdogo, Novemba ya mkubwa.

Kama yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, ya pili hata akikataa kidogo, mpe angalau chakula kimoja akisimamie na ile karatasi ya pilau iandikwe, manake Agosti ijayo yuko bwenini. Na akishakuwa chuo mbali na tiketi imekuwa ghali, msimsubirishe mpaka Alhamisi ndo mumpigie mkiwa mmejaa mezani, mpigieni Jumatano wakati mnasukuma chapati, simu isimame kwenye kaunta, naye huko aliko akiwa na unga aanze kukanda.

Njia yoyote utakayochagua, ongea naye mwanzoni mwa Septemba. Ratiba za timu na za shifti zikishatoka, unachoomba si tena siku ya familia, unaomba aombe ruhusa kwa watu wengine, na tineja wengi hawataki kuomba.